Kuta za Thimlich Zinataka Mafundi

Wengi wanaofika Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe katika kaunti ya Migori, husifu kimo cha kuta zake, ambazo kuna mahali zinapita mita 4. Kinachostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ni namna jiwe lilivyokalia jiwe. Hakuna udongo wala chokaa kati yake, na mawe yenyewe hayakuchongwa. Fundi alipanga mawe makubwa upande wa nje na wa ndani, katikati akashindilia madogo yanayozishikanisha pande hizo mbili. Ukuta hauendi moja kwa moja kama uzi. Unapindapinda, na palipotaka kuelemea pameongezewa egemeo la mawe. Langoni jiwe refu bapa limebeba uzito wote wa juu, na lango lenyewe ni fupi, hivyo aliyekuja kwa shari ilimbidi kuinama mbele ya wenyeji. Aliyejenga hivi alilijua jiwe kwa jicho na kiganja, na lililokataa hapa alijua litakubali wapi.

Ujuzi huo ndio uliozihifadhi kuta. Inaaminika zilijengwa karne ya 16, kisha jamii za Kibantu na za Kiniloti zikapokezana makao humo, na kila waliohamia walirudishia palipobomoka. Wakazi wa mwisho walipoondoka katikati ya karne ya 20, matengenezo hayo yalikatika. Miti ikaota, mizizi ikasukuma mawe, mifugo ikapita juu yake. UNESCO iliiandika Thimlich katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, heshima iliyostahili kabisa, ila hati haipandishi jiwe lililoanguka. Chukua mfano: kusini mwa Ghuba ya Winam, bonde la Lambwe lina Hifadhi ya Ruma, makao ya mwisho ya swala aitwaye korongo nchini Kenya. Hakuna atakayesema korongo yuko salama kwa kuwa bonde limetangazwa hifadhi, ikiwa hazai. Ufundi nao ukikosa wa kuurithi umekwisha, hata kama kuta zingali zimesimama.

Wapo wanaosema dawa ni saruji: palipolegea pazibwe, kazi iishe. Lakini ukuta huu huishi kwa kuyapisha maji ya mvua na kujisogeza kidogo ardhi inapotulia. Saruji huyazuia maji na kuukaza ukuta mpaka upasuke. Wengine hutaka kwanza barabara na hoteli, kwamba wageni wakija fedha zitakuja. Barabara inahitajika, sikatai. Ila wageni wengi bila mafundi wa kutosha ni miguu mingi zaidi juu ya mawe yaliyolegea. Fedha zianze kwa vijana wa vijiji vya jirani, wakae na wanaojua, walipwe kama mafundi, si vibarua wa msimu. Isaya Onjala, mwanaakiolojia aliyeyatafiti maboma haya kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba eneo hili la ziwa lina mamia ya majengo ya mawe ya aina hii. Thimlich ndiyo iliyosalia vizuri kuliko yote. Hayo mengine nani atayashika mkono, na kwa bajeti ya nani?

Msomaji, ukipanga safari ya Ruma, ongeza siku ya Thimlich. Usipande ukutani, usiokote jiwe, na uwaulize wahusika ni vijana wangapi wanafundishwa kujenga mwaka huu.