TAA JANJA: ANASA AU MAHITAJI?

Ndugu wafanyakazi,

Wenzetu kadhaa wametuuliza habari za taa zinazowashwa kwa simu au kwa kuamriwa kwa sauti. Wako wanaosema ni upuuzi wa matajiri, na wako wanaosema zinapunguza gharama za umeme. Tumeona tulieleze jambo hili kwa hesabu, si kwa ushabiki.

Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku, kwa siku 30 inakula uniti 9. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga karibu sawa na huo, inakula uniti 1.35 tu. Ndugu anayenunua Luku, Yaka au Cash Power atauona unafuu huo mara moja. Lakini unafuu huo umeletwa na LED, wala haukuletwa na simu.

Taa janja nayo ni LED, ila hailali. Ukiizima kwa simu inakesha ikingoja amri, na tukichukua kwamba inakesha kwa nusu wati, saa 19 kila siku, kwa mwezi ni karibu uniti 0.29. Maana yake ni lazima ikuokolee zaidi ya saa moja ya taa iliyosahauliwa kila siku, ndipo irudishe umeme wa kukesha kwake. Bei ya dukani bado hatujaitaja.

Je, basi ni anasa tupu? Hapana. Mwenzetu aliyekatwa mikono na mashine, au mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, akiiambia taa iwake nayo ikawaka, huyo amerudishiwa sehemu ya uhuru wake. Kwake hayo ni mahitaji.

Tena iko taa yenye jicho linalohisi mtu akipita. Hii haihitaji simu wala mtandao. Ikiwekwa kwenye ngazi, kwenye choo cha nje, au kwenye njia wanayopita akina mama wakitoka zamu ya usiku, inawaka mtu anapofika na kuzimika anapoondoka. Taa ya namna hii tuidai kwa kila mwajiri mwenye nyumba za wafanyakazi.

Yako mambo mawili ya kuangalia.

Kwanza, taa inayotegemea mitambo ya kampuni iko mikononi mwa kampuni. Huko Marekani, Aprili 2022, kampuni ya Insteon ilizima mitambo yake bila kuwaarifu wateja, na waliozoea kuendesha taa kwa simu wakakwama. Wateja wenyewe ndio waliokusanya nguvu wakainunua mwaka huo huo. Kwa hiyo usikubali taa isiyo na swichi ukutani.

Pili, watumishi wa majumbani waelewe kwamba mwajiri aweza kuizima taa ya chumba chao akiwa mbali, na simu yake yaweza kumwonyesha saa waliyowasha na saa waliyozima. Chumba cha mtumishi ni mahali pake pa kupumzika. Swichi yake iwe mkononi mwake, na jambo hili lisemwe wakati wa kupatana kazi.

Msimamo wetu ni huu: kwanza LED katika kila chumba, kisha taa za kuhisi mtu katika njia zetu. Taa ya simu apewe kwanza asiyeweza kuifikia swichi.

Umoja ni nguvu.