Pikapu ya kooperativi inachemka: uliza kwanza inachemka wakati gani



Kwa kawaida hapa tunaongea juu ya mbegu, magonjwa ya mihogo na ginsi ya kuweka maharagi bila kuliwa na wadudu. Mara hii tunaongea juu ya gari. Viazi vinaweza kutoka shambani vizuri kabisa, lakini kama pikapu inakufa kati ya Bambu na Bunia, mzigo unabaki juani na mnunuzi wa Bunia anachukua kwa mtu mwingine. Halafu kwa hii Djugu yetu, ninyi wenyewe mnajua, barabara siyo fasi ya kulala na mzigo.

Motere ikichemka mara mbili tatu, mara nyingi kooperativi inatoa pesa ya radiateri mpya. Gari inarudi, inapanda mlima wa kwanza, inachemka tena. Pesa imekwenda na ugonjwa umebaki. Kwenye mihogo hatufanyi hivyo: jani likigeuka manjano, tunauliza kwanza kama ni mozaiki, ama udongo umechoka, ama maji yamesimama kwenye mizizi. Dalili moja inaweza kuwa na sababu nne. Motere ni vilevile, na swali linalofungua njia ni hili: inachemka wakati gani?

Shofere ndiye anajua jibu. Mkae naye kabla ya kwenda garaji, mumuulize polepole, bila kumkaripia, maana shofere akiogopa kulaumiwa ataficha.

Kama inachemka ikisimama sokoni ama ikitembea polepole kwenye matope, halafu inapoa ikipata mwendo, angalieni vantilateri na mkanda wake. Gari ikikimbia, upepo wa njia unapoza radiateri. Ikisimama, vantilateri peke yake ndiyo inafanya kazi hiyo. Mkanda uliolegea ama uliopata mafuta unateleza. Zimeni motere, mukamate mkanda kwa kidole katikati: ukizama sana, unahitaji kukazwa.

Kama inachemka kwenye mlima na mzigo tu, radiateri inashukiwa kweli, lakini muanze na nje yake. Njia zetu zina vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua, na majani makavu yanaingia mbele. Upepo haupiti. Muoshe kwa maji ya nguvu kidogo, kutoka upande wa motere kwenda mbele, ili uchafu utoke kule ulikoingilia. Maji ya nguvu nyingi yanakunja vile vibati vyembamba na kufunga njia kabisa. Kama nje ni safi na bado inachemka, ndipo mtu afikirie uchafu wa ndani, ambao mara nyingi tumeuleta sisi wenyewe kwa kujaza maji ya mtoni yenye matope. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa ni bora sana. Bidoni moja ya maji hayo ikae ndani ya gari kila siku.

Sasa kitu kidogo ambacho watu wanakidharau: kifuniko cha radiateri. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya bahari. Kwa urefu huo, maji ya sufuria hayangoji digrii 100. Yanachemka karibu na 96. Motere ya dizeli yenye afya inafanya kazi katikati ya digrii 80 na 95 hivi. Mnaona kwamba nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Kifuniko kizuri kinafunga presha ndani, na presha hiyo inasukuma kiwango cha kuchemka juu kwa karibu digrii 20. Kama mpira wake umepasuka ama springi imechoka, maji yanachemka mapema na kumwagika, hata kama radiateri ni mpya kutoka kwenye boksi. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu cha bei, nunueni kifuniko chenye namba ileile iliyoandikwa juu ya kile cha zamani, 0.9 ama 1.1, na wengine wanaandika 88 ama 108. Kufunga kitambaa ama kipande cha plastiki chini ya kifuniko siyo dawa.

Termostati ni kesi nyingine. Ni mlango mdogo unaofunguka maji yakipata moto. Ukikwama umefungwa, tiyo ya juu ya radiateri inakuwa moto na ya chini inabaki baridi. Mafundi wengi wanaitoa na kuitupa. Mimi sikubaliani nao. Motere ya dizeli inayotembea baridi inakula mazutu mingi na kuchakaa haraka, na kwa motere fulani kuitoa kunaacha njia ya mkato wazi: maji yanazunguka ndani bila kupita kwenye radiateri, na gari inachemka kuliko mwanzo. Kuipima ni rahisi. Muitumbukize ndani ya sufuria ya maji jikoni. Maji yakikaribia kuchemka lazima muone mlango unafunguka. Usipofunguka, imekufa, mnunue nyingine.

Pompa ya maji inajionyesha yenyewe: inavuja chini yake ama inapiga kelele.

Kinachouma zaidi ni jointi ya kilase, ile iliyo kati ya kichwa cha motere na mwili wake. Dalili zake hazifanani na zile zingine. Gari imelala baridi usiku mzima; asubuhi mnafungua kifuniko, mnawasha, na maji yanatoa mapovu bila kuacha. Ama tiyo ya juu inakuwa ngumu baada ya dakika moja tu, wakati maji bado ni baridi. Ama maji yanapungua kila siku na hakuna fasi yanapovuja, na moshi mweupe unatoka nyuma hata motere ikiwa moto. Ama mafuta ya motere yamekuwa kama chai ya maziwa. Mkiona moja ya hizi, gari isipakie mzigo tena. Safari moja zaidi inaweza kupinda kilase yenyewe, na hapo kooperativi haitanunua tena jointi, itanunua kichwa kizima.

Ikichemka njiani, shofere asimame. Kama mvuke hautoki na maji bado yamo, afungue hita ya ndani mpaka mwisho na kuacha motere izunguke polepole dakika chache. Hita ni radiateri ya pili. Kama maji yameisha, azime mara moja. Sindano ya joto iliyopanda halafu ikaanguka ghafla siyo habari njema: mara nyingi maana yake hakuna tena maji ya kuigusa. Kifuniko kisifunguliwe kabla ya nusu saa, hata kama abiria wanapiga kelele, kwa sababu maji ya presha yanachoma uso na mikono vibaya sana. Na kumwaga maji baridi ndani ya motere yenye moto mkali kunapasua kilase. Ipoe kwanza, halafu maji yaingie kidogo kidogo, motere ikizunguka.

Kwenye depo, wekeni kaye ya gari. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, shofere aandike tarehe, kilometa na litri za maji alizoongeza. Nusu litri kila siku ndani ya wiki mbili inaongea mapema kuliko sindano yoyote, na mwenye kaye anaweza kubishana na fundi.

Jambo la mwisho linawahusu wafugaji. Mkitumia ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya radiateri, inalinda chuma kisipate kutu na ni nzuri. Lakini ina ladha tamu na ni sumu kali. Mkiimwaga kwenye kiwanja cha depo, mbuzi na mbwa wataikunywa, na mtoto pia anaweza. Maji hayo yakitolewa yaingie ndani ya bidoni yenye kifuniko, iandikwe SUMU, na ibaki imefungiwa mpaka fundi aichukue.