"Mwili Tu Hauna Nguvu"

"Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Sijambo, mwili tu hauna nguvu." Nilituma hela ya dawa za maumivu miezi mitano mfululizo, na mimi ni muuguzi wa wazee hapa Uingereza.

Sonona ya uzeeni mara nyingi haiji na machozi. Mzee hulalamikia mgongo au tumbo, hula kidogo, huamka saa tisa usiku asilale tena, huacha kwenda msikitini au kanisani. Tunasema ni uzee. Siyo. Ni ugonjwa, na unatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 14 ya watu wenye miaka 70 na zaidi wana tatizo la afya ya akili, sonona na wasiwasi yakiongoza.

Kwa hiyo usiishie kwenye salamu. Muulize: Siku hizi unafanya nini kutwa? Kuna ulichokuwa ukikipenda ukakiacha? Hali hiyo ikizidi wiki mbili, apelekwe kwa daktari. Apimwe pia damu, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta dalili kama hizo. Dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Asiziache akipata nafuu. Akisema heri afe, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mama alitibiwa. Jumapili iliyopita alinikatiza: "Nipigie baadaye mwanangu, nawahi kikoba." Nilifurahi mno kukatiwa simu.