Pungu Angani: Upigaji Picha wa Ndege Mbuai Bura, Taita

Magharibi ya Mwatate, katika barabara iendayo Taveta, vilima vya Bura huinuka kutoka nyika kavu inayopakana na Tsavo. Jua linapoipasha nyika hiyo moto, hewa hupanda, na ndege mbuai huitumia kama ngazi: hutanua mbawa, wakazunguka na kupaa pasi na kuzipiga. Hapo ndipo mpiga picha anapokutana na ugumu wake wa kwanza. Mwanga mzuri, ule wa jua la chini linalopenya chini ya bawa, ni wa alfajiri; ndege wakubwa nao aghalabu hungoja hadi saa tatu au nne. Kufikia adhuhuri jua huwa juu ya migongo yao, na upande unaotazamwa na kamera umo kivulini.

Kivuli hicho si suala la urembo tu. Mchukulie pungu. Dume ana ukingo mpana mweusi nyuma ya bawa. Jike ana ukingo mwembamba, na sehemu kubwa ya bawa ni nyeupe. Mkia wa aliyekomaa ni mfupi hata nyayo huuzidi, ilhali kinda ni wa rangi ya kahawia na mkia wake ni mrefu zaidi. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga, hudanganywa na weupe wa anga, ikatoa ndege mweusi tititi asiyejulikana dume wala jike. Dawa ni kuongeza mwanga kwa hatua moja au zaidi, hata kama anga litapauka. (Wengi hulionea anga huruma, wakampoteza ndege.) Kuhusu kasi, pungu anayeelea hunaswa kwa 1/1000 ya sekunde, kozi apigaye mbawa hudai 1/2000 au pungufu.

Tangu mwaka 2020 pungu ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, sumu ya mizoga ikiwa mojawapo ya sababu. Picha inayobainisha jinsia na umri, ikiandikwa mahali na tarehe, ni ushahidi.

Ushahidi huo huhitaji jina. Kuandika “tai” au “mwewe” chini ya kila picha ni uvivu, maana Kiswahili kina pungu, kozi, kipanga, furukombe na tumbusi. Kozi wa Taita, Falco fasciinucha, alielezwa kisayansi mwaka 1895 na kupewa jina la vilima hivi. Hata hivyo, wanaotaka kumpiga picha huelekea zaidi kwingineko.