Jasho Si Mafuta: Sauna, Mazoezi na Safari ya Kupunguza Uzani (Sehemu ya Pili)

Sauna ni chumba cha mbao kinachopashwa joto kwa mawe yaliyokolea moto. Hewa yake ni kavu, na joto lake hufika kati ya nyuzi 70 na 100 za Selsiasi. Asili yake ni Ufini, nchi ya watu milioni tano na nusu hivi ambayo sauna zake hukadiriwa kufikia milioni tatu. Chumba cha mvuke ni ndugu yake: joto lake ni la chini zaidi, lakini hewa imejaa unyevu. Afrika Mashariki nayo inaujua moto wa tiba tangu zamani. Mjini Zanzibar, hamamu ya Hamamni ilijengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania, mwenye mafua hufunikwa blanketi akajifukiza kwa mvuke wa majani ya mwarobaini au mkaratusi. Hamamu ilikuwa ya usafi na mapumziko; kujifukiza kulikuwa kwa kufungua kifua. Dai kwamba joto huyeyusha unene ni jipya, nalo limeenea mijini pamoja na vituo vya mazoezi, mikanda ya tumbo na mavazi ya plastiki ya kutoa jasho.

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza jinsi uzani unavyopimwa. Sehemu hii inachunguza sauna na mazoezi: kila moja huchoma kalori kiasi gani, na mkazi wa Kitui au Makueni anayetaka kupungua aweke nguvu zake wapi. Kaunti hizi mbili za Ukambani hutajwa mara nyingi kwa ukame na njaa, lakini unene si tatizo la Nairobi na Mombasa pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzani uliopita kiasi. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Uzani huo hufungulia mlango kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti.

Kalori hutumika vipi

Kalori ni kipimo cha nguvu. Gramu moja ya sukari au wanga ina kalori 4, gramu ya mafuta ina 9, na gramu ya pombe ina 7. Mwili hutumia nguvu hizo kwa njia tatu. Sehemu kubwa, takriban theluthi mbili kwa mtu asiyefanya kazi nzito, huenda kwenye uhai wenyewe: moyo, ubongo, ini, figo na kutunza joto la nyuzi 37. Sehemu ya kumi hivi hutumika kusaga chakula. Inayobaki hutumika katika mwendo, kuanzia kusimama hadi kulima. Chakula kikizidi matumizi hayo, ziada huwekwa akiba kama mafuta, na kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori zipatazo 7,700.

Mafuta hayo yakichomwa hugeuka hewa ya kaboni dioksidi na maji. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la madaktari la Uingereza ilionyesha kwamba kilo 10 za mafuta zikichomwa, kilo 8.4 hutoka kama kaboni dioksidi na kilo 1.6 kama maji. Njia kuu ya mafuta kutoka mwilini, basi, ni pumzi. Mtu hupungua kwa kupumua kile ambacho misuli na viungo vyake vimekichoma.

Jasho ni nini

Jasho ni maji yenye chumvi yanayotolewa na ngozi ili yakauke na kuondoka na joto. Ni njia ya mwili kujipoza. Halina mafuta ndani yake, na wingi wake haupimi mafuta yaliyochomwa. Mtu anayekaa robo saa katika sauna aweza kutoa nusu lita ya jasho, na mizani ikaonyesha nusu kilo imetoweka. Akinywa maji, nusu kilo hiyo hurudi siku hiyo hiyo.

Mkazi wa Ikutha au Mutomo upande wa Kitui, au wa Kibwezi na Makindu upande wa Makueni, hahitaji chumba cha mbao ili kulithibitisha hili. Mwezi wa Februari, kabla ya mvua za Machi, anayeketi tu kwenye matatu iliyoegeshwa juani hulowa shati. Hajachoma mafuta ya maana, amepoteza maji. Jirani yake anayechimba shamba alfajiri kwenye vilima vya Mbooni, penye baridi na ukungu, huenda akatoa jasho kidogo huku akichoma kalori mara nyingi zaidi.

Hesabu ya sauna

Si kweli kwamba sauna haichomi kitu chochote. Joto la mwili likipanda kwa nyuzi moja, matumizi ya nguvu huongezeka kwa asilimia 10 hadi 13 hivi, na moyo hufanya kazi ya ziada kusukuma damu kwenye ngozi. Lakini kiasi chake ni kidogo. Mtu wa kilo 70 aliyeketi kimya hutumia takriban kalori 35 kwa nusu saa. Hata sauna ikiongeza matumizi hayo kwa nusu nzima, nyongeza ni kalori 18 hivi, sawa na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Mtu huyo huyo akitembea kwa haraka nusu saa hutumia kalori 150, yaani nyongeza ya 115 juu ya kuketi. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya mafuta ingehitaji matembezi 67 ya nusu saa, au vikao zaidi ya 400 vya sauna.

Saa za mkononi zinazokadiria kalori kwa kuhesabu mapigo ya moyo zimechangia kuwapotosha watu. Katika sauna mapigo yaweza kupita 100 kwa dakika, kama ya mtu anayetembea haraka, na saa huhesabu kana kwamba misuli inafanya kazi. Kumbe misuli imelala. Moyo unakimbia kwa sababu ya joto, nayo kalori zinazoonyeshwa hazikuchomwa.

Kazi na mazoezi katika Ukambani

Misuli ndiyo jiko la mwili, na Ukambani ina historia ndefu ya kuliwasha. Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos hadi ilipotengwa kuwa wilaya mwaka 1992, na vilima vya eneo hilo vilipata sifa kwa matuta ya kuzuia mmomonyoko yanayoitwa fanya juu. Jina lenyewe laeleza kazi: udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu wa mteremko ukawa ukingo. Mengi ya matuta hayo yalichimbwa na mwethya, vikundi vya kusaidiana vya Wakamba. Mtu wa kilo 70 anayechimba hivyo kwa saa moja hutumia takriban kalori 350. Anayepanda kilima akiwa na mtungi wa lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso, naye hufanya kazi nzito isiyo duni kuliko mazoezi yoyote ya mjini.

Maisha hayo yanabadilika, na mengi ya mabadiliko ni ya heri. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwenye mito ya msimu ya Kitui na Makueni yamesogeza maji karibu na nyumba. Bodaboda hufika hadi mlangoni. Hakuna sababu ya kutamani mwanamke arudi kutembea nusu siku akitafuta maji. Lakini mwendo uliopungua ulikuwa unatumia kalori, na usipopata badala yake huku chakula kikibaki kile kile au kuongezeka mafuta na sukari, tofauti hukaa kiunoni. Mwalimu, karani au mwenye duka wa mjini Wote, Mwingi au Emali aliyezaliwa katika nyumba ya wachimbaji wa matuta huketi kutwa nzima.

Mipaka ya mazoezi

Hata hivyo, mazoezi nayo yana mpaka wake, na ushahidi mmojawapo mkubwa umetoka Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wahadzabe, wawindaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Wanaume wao walitembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku, wanawake karibu 6. Ilitarajiwa kwamba wangetumia kalori nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya. Baada ya tofauti za ukubwa wa mwili kuzingatiwa, matumizi yao ya kutwa yalikaribiana. Mwili unaozoea kazi nyingi huonekana kubana matumizi mahali pengine.

Kwa hiyo mazoezi bila kuangalia sahani hupunguza uzani polepole kuliko watu wanavyodhani. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, vina takriban kalori 145 za sukari pekee, karibu sawa na nusu saa ya kutembea haraka. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Vyakula vya Ukambani vyenyewe havina lawama: isyo ya mahindi na maharagwe, mbaazi, kunde, ndengu na mtama hushibisha na kukaa tumboni. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, hupoteza sehemu ya makapi, hivyo isyo ya mahindi yasiyokobolewa huwa na nyuzi zaidi. Kinachohitaji kipimo ni mafuta ya kukaangia, soda, pombe na wingi wa sahani.

Vyote viwili vikiunganishwa, matokeo ni makubwa. Utafiti wa Marekani wa watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, uliwapa baadhi yao lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzani na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Mazoezi pia hulinda misuli isipotee pamoja na mafuta, na humsaidia aliyepungua asirudie uzani wa awali.

Faida na hatari za sauna

Sauna ina faida, ila si ile inayotangazwa. Hulegeza misuli na kutuliza akili. Mwaka 2015 watafiti wa Ufini waliripoti kwamba, kati ya wanaume 2,315 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 20, walioingia sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikufa kwa magonjwa ya moyo kwa uchache kuliko walioingia mara moja. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sauna ndiyo sababu, lakini unastahili heshima.

Hatari huanza pale joto linapotumiwa kukimbiza mizani. Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo nchini Marekani walikufa wakijilazimisha kutoa jasho kabla ya kupimwa uzani. Januari 1998 shirika la michezo ya vyuo lilipiga marufuku sauna na mavazi ya mpira kwa shughuli hiyo. Plastiki huzuia jasho kukauka, mwili ukakosa namna ya kujipoza, na figo na moyo vikaumia. Mjamzito, mgonjwa wa moyo na anayetumia dawa za shinikizo la damu waanze kwa daktari. Aliyekunywa pombe asiingie kabisa.

Njia ya kufuata

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki kwa mtu mzima, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Kutembea kwenda sokoni, kulima, kucheza ngoma na kupanda kilima vyote huhesabiwa. Katika nyanda za chini za Kitui na Makueni, wakati mwafaka ni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, maji yakiwa karibu. Mwenye uwezo wa sauna aitumie baada ya mazoezi kama pumziko, dakika 10 hadi 15, kisha anywe maji bila kuogopa mizani.

Anayetaka kupungua ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, na apime pia kiuno chake kwa utepe. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kilo iliyopotea kwa saa moja ni ya maji, nayo mwili utaidai kabla ya jua kutua.