Tuweke Akiba ya Majani

Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na kwa kawaida mvua hiyo haizidi sana milimeta 600 kwa mwaka. Miezi saba inayobaki ni kiangazi. Katika miezi hiyo ng'ombe hukonda, maziwa hupungua yakawa ya kumtosha ndama tu, na mfanyakazi wa mjini, ambako watu wameongezeka sana tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa wingi mwaka 2016, hununua maziwa ya pakiti yaliyosafirishwa kutoka mbali, au huwapa watoto wake chai ya rangi. Kwa nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, twaona jambo hili si la kunyamaziwa.

Wako wasemao kwamba dawa ni moja, nayo ni kuleta ng'ombe wa Kizungu. Sisi hatukubaliani nao. Ng'ombe mkubwa wa maziwa wa Ulaya ni wa nchi ya baridi. Joto likimzidi hupunguza kula, na akipunguza kula, maziwa hukauka. Mara ngapi tumeona mitamba ikigawiwa kwa ngoma na hotuba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mitamba hiyo itakula nini mwezi wa Septemba! Mfugaji maskini hupewa mzigo, kisha mtamba ukifa huambiwa kuwa ni mvivu.

Wala ng'ombe afaaye nchi kavu si wa kutafutwa ng'ambo. Mkoani humo humo, katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa, wataalamu walifanya kazi miaka mingi ya kuchanganya damu ya ng'ombe wa asili na Boran pamoja na Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, na sehemu ndogo ya Ayrshire wa Uskochi. Ng'ombe waliopatikana walipewa jina la Mpwapwa mwaka 1958. Hustahimili jua na hutoa maziwa mengi kuliko ng'ombe wetu wa asili, ambaye mara nyingi humpa mkamuaji lita moja au mbili tu baada ya ndama kunyonya. Lakini idadi yao haikupata kuwa kubwa, na hilo ni kosa la miaka mingi la kupenda cha mbali na kukisahau cha nyumbani. Hata hivyo tuseme wazi: Mpwapwa naye akilala na njaa hatoi maziwa.

Somo kubwa liko Kondoa. Huko udongo ulikuwa umemomonyoka vibaya hata makorongo yakameza mashamba. Mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Hatutaki kuipamba amri ile. Iliwaumiza wengi: familia zilikosa maziwa, zikakosa samadi, na mali ya kuolea ikapelekwa mbali na macho ya wenyewe. Lakini majani na miti vilirudi. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1980 wakulima wakaruhusiwa kufuga tena, ila kwa sharti kwamba ng'ombe awe wa maziwa, akae bandani, na majani ayafuate mtu. Katika nchi iliyokuwa imekatiwa tamaa, maziwa yakakamuliwa tena na samadi ikarudi shambani. Kilichobadilika hasa ni kwamba mtu alianza kuhesabu majani kabla ya kuhesabu ng'ombe.

Basi na tuhesabu. Ng'ombe wa wastani hula kilo 8 hivi za chakula kikavu kwa siku. Kwa siku 210 za kiangazi hizo ni kilo 1,680. Tukichukulia robota moja la majani makavu kuwa kilo 15, anahitaji marobota 112. Nusu ya mzigo huo yaweza kuwa mabua ya mtama, uwele na mahindi, ambayo leo wengi huyaacha shambani au huyatia moto. Yanayobaki ni marobota 56, kazi ya siku chache kwa watu wawili wenye mundu, kamba na kasha la mbao lisilo na kitako. Sharti ni kukata majani yanapoanza kuchanua, kuyaanika, na kuyaweka darini au chini ya paa. Majani yaliyoachwa porini mpaka Agosti hujaza tumbo lakini hayana nguvu. Ndugu zetu Wasukuma wana desturi ya kale ya ngitili, yaani kutenga malisho wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, na mpango wa hifadhi ya ardhi ulioanza Shinyanga mwaka 1986 uliifufua desturi hiyo badala ya kuipiga vita.

Maji nayo yasisahauliwe. Maziwa karibu yote ni maji, kiasi cha asilimia 87. Ng'ombe anayekamuliwa huhitaji lita 3 au 4 za maji kwa kila lita ya maziwa, na jua likiwa kali huhitaji zaidi. Akitembezwa nusu siku kufuata kisima, maziwa yake huishia njiani.

Tena liko jambo la mashudu ya alizeti. Dodoma na Singida hulima alizeti kwa wingi, mafuta hukamuliwa papo hapo, na mashudu, ambayo ni chakula bora cha ng'ombe wa maziwa, mengi hupakiwa malorini kwenda mbali, hata nje ya nchi. Hatusemi wenye viwanda wakatazwe kuuza. Twasema vyama vya ushirika vya wafugaji vinunue mapema, wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na viweke ghalani. Mfugaji mmoja hawezi kununua lori zima. Wafugaji 40 wanaweza. Na viongozi wa kata wanaosubiri mitamba ya mwaka huu wangetangulia kupita nyumba kwa nyumba mwezi wa Aprili, majani yakiwa bado mabichi, kuona ni nani aliyekwisha kujenga dari la kuyahifadhi.