Siku 21 za bomani: Kumbe si kusaini tu!

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaosema ndoa ya bomani ni "kwenda kusaini tu". Mnaingia asubuhi, mnatoka mchana na cheti, jioni mnakula nyama choma na mashahidi wenu, basi, mmeshakuwa mtu na mkewe. Kumbe bwana!

Naomba niwasimulie yaliyotukuta sisi wawili hapa Morogoro. Najua wako wengi mnaojiuliza kimyakimya swali tulilojiuliza sisi: tufungie wapi ndoa, ikiwa yeye anaswali Ijumaa na mimi naimba kwaya Jumapili?

Kwa nini tulichagua bomani

Mimi ni binti wa Kiluguru, Mkatoliki, mama yangu anatoka Matombo. Mwenzangu ni kijana wa Tanga, Muislamu. Tulijuana tukiwa chuoni Mzumbe, kwenye foleni ya chakula, na miaka minne baadaye wote wawili tulikuwa na kazi hapa mjini. Mimi benki, yeye kwenye duka la pembejeo za kilimo. Penzi lilishakomaa, tatizo likawa mlango wa kuingilia.

Kanisani kulikuwa na utaratibu wa kuomba kibali cha askofu. Msikitini nako kulikuwa na njia yake. Lakini kila njia ilikuwa na mzee mmoja upande wa pili aliyesema, "Kwa hiyo sisi ndio tumeshindwa?" Tukaamua kwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mahali ambapo hakuna anayeshinda wala anayeshindwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inatambua ndoa ya kiserikali sawasawa na ya Kikristo, ya Kiislamu na ya kimila. Dini mbili tofauti si kizuizi.

Siku ya kwanza nilijiona mjanja, kumbe nilikuwa nimesahau cheti changu cha kuzaliwa nyumbani. Tukarudi kesho yake na bahasha kamili: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, picha ndogo, na barua za utambulisho kutoka serikali za mitaa tunakoishi. Mama aliyetuhudumia akatukaribisha vizuri. "Kaeni wanangu. Leo hamfungi ndoa. Leo mnatoa taarifa."

Ndipo nikajua habari ya siku 21. Kisheria, wanaotaka kuoana wanatakiwa kutoa taarifa ya nia yao siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Taarifa hiyo inatangazwa, ili mwenye sababu ya kuipinga ajitokeze. Mimi niliyezoea matangazo ya ndoa kanisani nikacheka kidogo. Hata serikali inauliza kama kuna mwenye kizuizi!

Kalamu iliposimama

Tukapewa fomu. Majina, umri, makazi, majina ya wazazi, kama umewahi kuoa au kuolewa. Tulikuwa tunajaza huku tunataniana. Halafu tukafika kwenye swali la aina ya ndoa: ya mke mmoja, au ya wake zaidi ya mmoja?

Mimi sikuona kama ni swali. Nilishageuza ukurasa kichwani. Nikatazama upande wake, nikaona kalamu imesimama.

Sekunde kumi. Ishirini. Nikasema, "Vipi?" Akasema, "Subiri kidogo."

Jamani, niwe mkweli. Kifua kilinipasuka. Miaka minne ya mapenzi, na mtu anaomba muda kwenye swali hilo? Nikamwambia kwa sauti ya chini ila yenye moto, "Kama unafikiria wa pili, ungesema tangu Mzumbe." Yule mama akatuangalia, akaichukua fomu taratibu. "Nendeni mkakae pale nje chini ya mti. Hii fomu haina haraka. Wengi husimama hapo hapo."

Tulikaa nje kwenye benchi, mawingu yameshuka mpaka nusu ya mlima. Nilikuwa sitaki hata kumtazama. Ndipo akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Mama yake alikuwa mke wa pili. Nilijua baba yake alikuwa na wake wawili, ila sikujua nani alikuwa nani, wala sikuwahi kuuliza. Utotoni watoto wa nyumba kubwa walikuwa wakimwita mtoto wa nyongeza. "Nikiandika mke mmoja," akasema, "naona kama nasema mama yangu alikuwa kosa. Si kwamba nataka mwingine. Ila mkono umekataa."

Nikanyamaza. Hasira yangu haikuisha palepale, nisiwadanganye, lakini ilibadilika. Tulirudi nyumbani bila kusaini chochote.

Ngoja niwaeleze sheria inavyosema hapa, maana wengi hatujui. Ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila inachukuliwa kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndoa nyingine, ikiwemo ya bomani, inachukuliwa kuwa ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mume wa ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga ndoa nyingine wakati ile ya kwanza ipo. Aina ya ndoa inaweza kubadilishwa, lakini kwa tamko la maandishi la wote wawili, kwa hiari, mbele ya hakimu au jaji. Kwa hiyo lile swali si urembo wa fomu. Mnachoandika pale kina uzito.

Safari ya Matombo

Wiki ile hatukuongea sana. Jumamosi akanipigia: "Twende kwa mjomba wako." Kwa Waluguru, kama mjuavyo, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa kuliko hata baba. Na mjomba wangu huyu alikuwa bado amenuna. Mahari ilikuwa imelipwa nusu, na habari ya bomani hakuipenda kabisa.

Tukapanda gari Bigwa, tukapita Mkuyuni, barabara ikaanza kupanda. Migomba kila upande, kina mama wanateremka na ndizi vichwani, vijito vinakatiza. Maji haya ndiyo yanayoingia Mto Ruvu, wanayokunywa watu wa Dar es Salaam. Tulifika saa saba mchana, tumelowa mvua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia mnaandikishana serikalini kama mnauziana kiwanja."

Hakuna aliyejibu. Akaendelea, "Na nimeambiwa mtu anaweza kwenda kuweka pingamizi. Nilishaanza kutafuta nauli."

Mwenzangu akamweleza kwa heshima kwamba pingamizi lina sababu zake: mmoja kuwa tayari yuko kwenye ndoa inayozuia, undugu wa karibu, umri, mtu kulazimishwa. Nami, kwa ujuaji wangu wa kusoma, nikaongeza kwamba hata mahari isipokamilika, kisheria ndoa haibatiliki. Ni kweli, sheria inasema hivyo. Ila nilichagua mahali pabaya pa kusema.

Mjomba akanitazama. "Sawa. Sheria imesema. Mkigombana usiku wa manane, sheria itapanda mlima kuja kuniamsha?"

Mwenzangu hakubishana. Akamwambia mjomba yote: fomu, kalamu, mama yake. Nilishangaa. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu. "Mama yako yu hai?" Ndiyo. "Umemuuliza yeye?"

Hakuwa amemuuliza. Akatoka uani, akapiga simu Tanga. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, mimi nilipendwa, lakini nililala peke yangu siku nyingi. Usimfanyie mtoto wa watu. Andika mmoja. Hunitukani."

Mjomba akaagiza tule. Wakati wa kuondoka akatupa mkungu wa ndizi na maneno haya: nusu ya mahari iliyobaki iletwe baada ya mavuno, na siku ya bomani atakuja kama shahidi, "ili nione hiyo kalamu inaandika nini."

Kusubiri kuna faida

Jumatatu tukarudi kwa yule mama. Akatupa fomu ileile, bila swali. Mwenzangu akajaza: mke mmoja. Siku 21 zikaanza kuhesabiwa.

Zile siku tulizitumia kuongea mambo ambayo miaka minne hatukuyagusa. Tulikuwa tunapanga kununua kiwanja Kihonda na yeye alishazoea kusema "nitaandika jina langu, ni rahisi". Tukaangalia sheria: mali inayopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa na majina ya wawili, inachukuliwa kuwa ni ya wote kwa sehemu sawa. Tukakubaliana majina mawili. Tuliongea pia watoto watalelewaje, na nani atafuturisha wageni Ramadhani wakati mimi sifungi. (Jibu: mimi napika, yeye anaosha vyombo.)

Hakuna aliyeweka pingamizi. Siku ilipofika tulikuwa watu tisa: mama zetu wawili, mjomba na koti lake la harusi zote, na marafiki wachache. Msajili akatuuliza kila mmoja kwa zamu kama amekuja kwa hiari yake, tukatamka, tukasaini, mashahidi wakasaini. Mjomba alivaa miwani akaisoma ile karatasi mstari kwa mstari mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Kisha mama mkwe akaomba na yeye aione. Akaweka kidole kwenye lile neno "mmoja", akanishika mkono, hakusema kitu.

Kabla hamjaenda bomani

• Pigeni hesabu ya siku 21 kabla ya kuchapisha kadi. Msajili Mkuu anaweza kutoa leseni maalum ya kupunguza muda, lakini kwa sababu ya msingi. Ukumbi kuwa umeshalipiwa si sababu ya kutegemea.

• Ulizeni mapema ofisi ya wilaya yenu inahitaji nyaraka gani na ada ni kiasi gani. Aliyeachika aende na hati ya talaka ya mahakama, mjane au mgane na cheti cha kifo.

• Tafuteni mashahidi wasiopungua wawili, watu wazima, wenye kufika kwa wakati.

• Hakikisheni majina kwenye vyeti vyote yanafanana herufi kwa herufi. Cheti cha ndoa kitawafuata kwenye bima, mirathi na pasipoti.

• Someni fomu yote mkiwa nyumbani kwanza, mkiwa wawili tu. Kalamu ya mwenzako ikisimama, usigombe kwanza kama nilivyogomba mimi. Muulize inasimama kwa nini.

Kiwanja cha Kihonda tumeshakilipia nusu. Na mahari? Mavuno yalikuwa mazuri, mjomba amepata yake yote, na sasa anaulizia mjukuu.